Risasi, Ganda na Komeo: Istilahi za Bunduki Ndogo ya Kuwindia

Mfasiri anayepewa kijitabu cha maelezo ya bunduki ndogo ya kuwindia hudhani kazi iliyo mbele yake ni nyepesi. Kurasa ni chache, picha ni nyingi, na sentensi karibu zote ni za kuamuru: fungua, toa, safisha, funga. Lakini hata kabla ya kuumaliza ukurasa wa kwanza hukuta amri moja ambayo Kiswahili cha kila siku hakiibebi bila hatari, nayo ni ile inayomtaka mwenye bunduki ahakikishe kwamba bunduki yake ni tupu. Akiandika "toa risasi", msomaji mmoja atachomoa magazini na kuridhika, maana risasi zimo humo. Mwingine atatoa risasi iliyomo mtutuni, kisha atafunga bunduki huku magazini ingali mahali pake, na kwa tendo hilo hilo la kufunga ataingiza risasi nyingine. Wote wawili wametii maneno ya kijitabu, na wote wawili wamebaki na bunduki inayoweza kuua.

Katika makala haya tunakusudia kuzipitia istilahi zinazohusu bunduki ya namna hiyo, na papo hapo kueleza jinsi bunduki yenyewe inavyochaguliwa, kwa kuwa istilahi isiyofungamana na matumizi ya kitu hubaki kuwa orodha tu. Bunduki tunayoizungumzia ni ile nyepesi, yenye tundu jembamba, ambayo mwindaji huitia risasi kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono wake, na ambayo risasi zake zina fataki ndani ya ukingo wa ganda. Ni silaha ya wanyama wadogo. Katika misitu ya mashariki ya Marekani hutumika kuwindia kindi, na huko Uingereza kupunguza sungura wanaoharibu mashamba na malisho. Kwetu mambo ni tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori mwaka 1977, na marufuku hiyo ingalipo. Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni na kwa masharti. Hata hivyo karatasi za bunduki hizi hupita mikononi mwa watu wetu: karani anayeandika kibali, ofisa wa forodha anayekagua sanduku, askari wa wanyama pori anayeandika maelezo ya silaha iliyokamatwa, mkalimani anayesimama mahakamani. Ikiwa kila mmoja ana jina lake kwa kitu kile kile, hati mbili za silaha moja zitasomeka kama hati za silaha mbili.

Tuanze na bunduki inavyowashwa, kwa sababu hapo ndipo wazee wetu walipoanzia. Walipozipa bunduki majina hawakubahatisha. Kamusi za zamani zinatuonyesha bunduki ya mrao, yaani ile iliyowashwa kwa utambi uliokuwa ukiwaka polepole. Bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki, iliyowashwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka kikipigwa na nyundo. Na mwishoni bunduki ya viasi, iliyotiwa risasi zilizokwisha kufungwa tayari, kila moja na kiasi chake cha baruti. Mfululizo huu ni historia nzima ya silaha za moto kwa majina manne, na kila jina linataja jambo lililo muhimu: moto unatoka wapi, au baruti inafikaje. Hatuoni sababu ya kuiacha njia hiyo leo na kukimbilia majina ya viwanda.

Bunduki yetu ni mtoto wa fataki na viasi kwa pamoja. Mwaka 1845 Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alichukua kifuniko cha fataki, akakitia kidonge cha risasi mdomoni, akapata risasi ndogo mno iliyofaa kupigia shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola iliyotumia risasi ya namna hiyo iliyoongezewa baruti, na mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens, pia ya Marekani, ikatoa ile ambayo hadi leo ndiyo maarufu kupita zote, yenye alama .22 LR. Namna ya kufanya kazi haijabadilika. Ganda la risasi hii ni la madini membamba, na kitako chake kina ukingo uliochomoza kuzunguka. Ukingo huo ni mtupu kwa ndani, na dawa ya fataki husambazwa humo kwa kuzungushwa kwa kasi kiwandani. Mtu anapofyatua, pini huupiga ukingo na kuubana dhidi ya mdomo wa chemba. Dawa hulipuka, baruti huwaka, na kichwa cha risasi huondoka.

Risasi za bunduki kubwa ni tofauti. Hizo zina kifuko cha fataki kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, nacho chaweza kung'olewa na kutiwa kipya. Kwa hiyo tunapendekeza jozi hii: "fataki ya ukingo" na "fataki ya kati". Ni maneno yanayoeleweka mara moja na mtu aliyekwisha kuzishika risasi hizo mkononi. Akizigeuza kitako juu ataona alama ya pini pembeni au katikati. Polisi na mahakimu watanufaika hasa, maana ganda lililookotwa mahali pa tukio husema aina ya bunduki iliyolitema hata kama bunduki haijaonekana. Jozi hiyo inaeleza pia mipaka ya silaha. Ukingo ukifanywa mnene pini haitaweza kuuponda, na ukiwa mwembamba hauwezi kustahimili msukumo mkubwa wa gesi. Ndiyo maana risasi za fataki ya ukingo zimebaki kuwa ndogo na za bei nafuu kwa zaidi ya karne moja na nusu, na ndiyo maana maganda yake, yakishatumika, kwa kawaida hutupwa, hayatiwi baruti tena.

Sasa tulifikie neno "risasi" lenyewe, ambalo ndilo lenye matata makubwa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo wanafunzi wa kemia huyajua kwa alama ya Pb. Kutoka hapo neno limehamia kwenye kile kipande cha madini kinachoruka, na kutoka kwenye kipande likahamia kwenye kifurushi kizima chenye ganda, fataki, baruti na kipande hicho. Mtu akisema "alipigwa risasi" anataja kipande. Akisema "nilinunua risasi hamsini" anataja vifurushi. Fundi wa betri akisema risasi anataja madini. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Lakini hati ya serikali na kijitabu cha maelezo havina uso wala mkono wa kuonyesha.

Wako waliofikiri turudishe neno "kiasi" kwa maana ya kifurushi kizima. Ni neno zuri na lina haki ya ukongwe. Lakini msomaji wa leo akikuta "tia viasi vitano" atauliza viasi vitano vya nini, na hatuwezi kumlaumu. Tunaona afadhali kukubali yale ambayo watu wamekwisha kuyaamua. "Risasi" ibaki kuwa kifurushi kizima, kama inavyosemwa dukani na kituoni, na kama inavyoeleweka tunapotaja udhibiti wa silaha na risasi, jambo ambalo Tanzania ilitungiwa sheria mpya mwaka 2015. Kile kipande kinachoruka kiitwe "kichwa cha risasi". Kile kinachobaki kiitwe "ganda", neno ambalo kila mtu analo tayari. Yale madini yaitwe "madini ya risasi" kila panapokuwa na uwezekano wa kuchanganya.

Pendekezo hili la mwisho si la kujipamba. Jimbo la California huko Marekani limekataza tangu Julai 2019 kuwinda kwa risasi zenye madini ya risasi, kwa sababu ndege wanaokula mizoga, hasa tai wakubwa wa huko, hufa kwa sumu ya madini hayo. Viwanda vimeanza kutengeneza vichwa vya shaba. Basi mfasiri wa tangazo la namna hiyo, asipojihadhari, atajikuta akiandika "risasi zisizo na risasi", maneno ambayo yatamfurahisha mtunga vitendawili na kumtaabisha mtu mwingine yeyote. Akiandika "risasi zenye vichwa visivyo vya madini ya risasi" sentensi itakuwa ndefu kidogo, lakini haitakuwa na njia mbili za kusomwa.

Tukiisha kutenganisha hivyo, amri tuliyoanza nayo inaandikika. "Chomoa magazini. Komoa komeo, ulivute nyuma mpaka mwisho, utoe risasi iliyomo ndani ya chemba. Tazama ndani ya chemba kwa macho yako." Utaratibu huo haupaswi kugeuzwa. "Chemba" ni pale mwanzoni mwa mtutu risasi inapolala kabla ya kufyatuliwa. Mafundi wa maji taka wana chemba yao, lakini hatudhani watu watazichanganya. "Magazini" tumeliacha kama lilivyo. Baadhi ya wasomaji hulichukia kwa kulidhani la Kiingereza. Yafaa wakumbuke kwamba Wazungu wenyewe walilichukua kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya maghala. Mfasiri atazame pia picha kabla ya kuandika "chomoa". Ziko bunduki ambazo magazini yake ni mrija mrefu uliolazwa chini ya mtutu, na mrija huo hauchomolewi kama kisanduku. Huchomolewa fimbo yake ya ndani na risasi humiminwa. Risasi moja ikikwama mrijani bunduki si tupu.

Neno la pili lililo gumu ni lile linalotaja kipande kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele. Mfasiri aliyezoea gereji huandika "bolti", kwa kuwa neno la Kiingereza linafanana. Lakini bolti, kwa Mswahili, ni ule msumari wenye hesi unaokazwa kwa nati. Bunduki hizi zina skrubu hasa, mbili kwa kawaida, zinazofunga chuma kwenye kitako cha mti, na zikilegezwa bila kujua kuzikaza tena kwa kipimo chake, ulengaji wake huharibika. Kumwambia mtu "ondoa bolti ili usafishe mtutu" ni kumtuma kwenye skrubu hizo.

Kiswahili kina neno lililo sawasawa kabisa, nalo ni "komeo". Komeo la mlango ni kipande kinachosukumwa mpaka kikaingia mahali pake na kuuzuia mlango usifunguke, na hivyo ndivyo ilivyo katika bunduki. Waingereza wenyewe walilichukua neno lao kutoka mlangoni, wala hawakulitoa gereji. Zaidi ya hayo, neno letu linakuja na vitenzi vyake. Mlango hukomewa na kukomolewa. Basi bunduki nayo ikomewe kwa kuinamisha mkono wa komeo, na ikomolewe kwa kuuinua, bila kuhitaji maelezo ya mstari mzima. Tunafahamu kwamba mjini "kumkomoa mtu" ni jambo jingine, hilo halitatuzuia. Kuhusu "kukoki", ambalo limeenea sana, tunaliona kuwa linafaa kwa tendo moja tu, yaani kuiweka pini tayari kufyatuka. Katika bunduki nyingi za leo pini hukokiwa mkono wa komeo unapoinuliwa. Kwa hiyo mtu aweza kuikoki bunduki bila kuitia risasi, na kijitabu kinachotumia "koki" kwa maana ya kuingiza risasi kinadanganya.

Bunduki za komeo si ngeni katika nchi zetu, ingawa zilikuja kwa sura nyingine. Johann Nikolaus von Dreyse aliibuni bunduki ya komeo ambayo jeshi la Prussia liliikubali mwaka 1841, na ile ya Paul Mauser ikakubaliwa na Ujerumani mwaka 1871. Askari wengi wa Kiafrika katika jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki waliingia katika vita vya mwaka 1914 wakiwa na Mauser hizo za mwaka 1871, za baruti nyeusi, ambazo moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Upande wa pili walikuja na Lee-Enfield za Waingereza, nazo za komeo.

Kwa nini mwindaji wa wanyama wadogo apende komeo, wakati ziko bunduki zinazojitia risasi zenyewe? Komeo lina vipande vichache, husafishwa kwa urahisi, na hulishika ganda imara, jambo linalosaidia risasi zifuatane mahali pamoja. Tena bunduki inayojitia yenyewe hutegemea nguvu ya risasi kuisukuma, hivyo risasi dhaifu huikwamisha. Komeo halijali, kwa kuwa nguvu ni ya mkono. Na risasi dhaifu zina faida yake. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Risasi ya .22 LR ya mwendo wa chini, yenye kichwa cha gramu 2.6, hutoka kwa mita 320 hivi, na kwa sababu haiupiti mwendo wa sauti haitoi ule mpasuko wa hewani unaowashtua sungura wote wa shamba. Ile ya kasi hufikia mita 380, nayo hupasua hewa. Mwindaji wa Uingereza anayelala ukingoni mwa malisho jioni atachagua ya kwanza, na komeo litamtii.

Linalomhusu mnunuzi kabla ya jambo jingine lolote ni uchaguzi wa risasi, na hapa lugha ina kazi ya kujizuia. Alama zilizochongwa kwenye mtutu zisitafsiriwe kamwe. Ziko alama tatu zinazokutwa zaidi. Ya kwanza ni .22 LR, ambayo tumekwisha kuitaja. Tarakimu zake ni mia za inchi, na tundu la mtutu wake ni kama milimita 5.6. Ya pili ni .22 WMR, iliyotolewa na Winchester mwaka 1959, yenye ganda refu zaidi na nene zaidi, na kichwa chake hutoka kwa karibu mita 570 kwa sekunde. Ya tatu ni .17 HMR, iliyotolewa na Hornady mwaka 2002 kwa kulibana shingo ganda la ile ya pili. Kichwa chake ni cha gramu 1.1 tu, nacho hutoka kwa takriban mita 775.

Mfasiri anayeandika "risasi za namba 22" kwa mbili za kwanza bila kubagua amefanya kosa la hatari. Risasi ya .22 WMR haiingii katika chemba ya .22 LR, hivyo hapo mtu atakasirika tu. Lakini .22 LR huingia katika chemba ya .22 WMR, ikacheza humo kwa kuwa ni nyembamba, na ikifyatuliwa ganda laweza kupasuka na gesi ya moto kurudi nyuma kuelekea usoni mwa mpigaji. Vivyo hivyo .17 HMR huweza kuingia katika chemba ya .22 WMR isiyokuwa yake. Basi karani anayejaza fomu aziandike alama hizo herufi kwa herufi, pamoja na nukta yake mwanzoni, jinsi alivyozisoma kwenye chuma. Neno "magnamu" peke yake halitoshi, kwa kuwa liko kwenye bunduki za kila ukubwa.

Kati ya hizo tatu mnunuzi ataamua kwa umbali na kwa mfuko. Mpaka kwenye mita 60 au 70, .22 LR inatosha kwa kindi na sungura, na ndiyo iliyo rahisi kwa bei, jambo lisilo dogo kwa mtu anayehitaji kujizoeza. Ikilengwa sawasawa kwa mita 50, kwa mita 100 itakuwa imeshuka kwa sentimita 15 hivi hata kama ni ya kasi, yaani zaidi ya urefu wa kichwa cha sungura mwenyewe. Anayepiga nyikani kwa mita 120 atataka .17 HMR, ambayo huenda karibu kunyooka, ila upepo huisukuma pembeni kwa wepesi wake na nyama ndogo huharibika ikipigwa vibaya.

Mtutu nao una maneno mawili ambayo hadi sasa yametumiwa kwa kitu kimoja. Kamusi za zamani huita bunduki ya kasiba mbili ile ambayo leo watu wengi huiita ya mitutu miwili. "Mtutu" umeshinda, basi "kasiba" imebaki bila kazi, na sisi tungependa kuipa kazi ya kutaja tundu la ndani. Asili yake ya Kiarabu ni unyasi wenye uwazi, kwa hiyo hatuilazimishi. Ndani ya kasiba mna "mifuo", michirizi inayozunguka kama kamba iliyosokotwa, na kwa hiyo kipimo cha mzunguko wake kiitwe "msokoto". Katika .22 LR mifuo huzunguka mara moja katika kila inchi 16, yaani milimita 406, na mzunguko huo ndio unaokifanya kichwa cha risasi kiruke bila kupinduka. Wanunuzi wengi hudhani mtutu mrefu hupeleka risasi mbali zaidi. Katika bunduki hii baruti ni kidogo mno, na kufikia sentimita 40 karibu yote imekwisha kuungua. Urefu unaozidi hapo huongeza uzito na, kwa mwenye kutumia alama za kulengea bila darubini, huongeza nafasi kati ya alama ya nyuma na ya mbele. Basi.

Kuhusu kitako, kifyatulio na darubini tutasema kwa kifupi. Kitako kirefu kupita kiasi humfanya mpigaji aunyoshe shingo, na kifupi humgonga pua. Mtoto na mtu mzima hawawezi kutumia kimoja. Kifyatulio kinachohitaji nguvu nyingi huisogeza bunduki mnyama akiwa amelengwa tayari. Darubini isiwe kubwa kuliko kazi. Kukuza mara nne kunatosha msituni. Kipimo cha mwisho ni karatasi. Bunduki inayofaa itaweka risasi tano ndani ya duara la sentimita 2.5 kwa mita 50, lakini si kwa kila aina ya risasi. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna anayejua mpaka azijaribu aina nne au tano.

Tukumbushe hapa neno moja ambalo limekwisha kuwaangusha wengi. Kiingereza hutumia neno moja kwa mchezo na kwa wanyama wanaowindwa, na mfasiri mwenye haraka huweza kuandika "bunduki ya michezo midogo". Sisi tuna "windo" na "mawindo", na "mawindo madogo" yatosha kabisa. Sungura naye ana shida yake: sungura wetu wa porini hulala juu ya ardhi chini ya kichaka, lakini yule wa Uingereza huchimba mashimo na kuishi kwa makundi. Kijitabu kikieleza namna ya kumvizia mdomoni mwa shimo, mfasiri aandike "sungura wa mashimo", au mwindaji wetu atashangaa.

Kindi huwindwa akiwa mtini, na jambo hili linatuleta kwenye neno ambalo bado halina jina lililokubaliwa. Kichwa cha risasi cha .22 LR, kwa udogo wake wote, chaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Anayempiga kindi aliye kwenye tawi, mbingu ikiwa nyuma yake, ameituma risasi kwa mtu asiyemwona. Mwindaji hungoja mpaka kindi ashikamane na shina, ili shina lipokee kile kitakachopita. Kitu hicho kilicho nyuma ya mnyama, kiwe shina, kilima au lundo la udongo, tunapendekeza kiitwe "kikingio". Tumekataa "ukuta" kwa sababu hudhaniwa kuwa wa mawe, na mawe hurudisha risasi. Maji nayo hufanya hivyo hivyo.

Limebaki lile swichi dogo linalokizuia kifyatulio. Wengine huliita "usalama", na vijitabu huandika "weka bunduki katika usalama". Msomaji aliyezoea Kiswahili ataifungia bunduki kabatini, jambo ambalo ni jema, lakini silo aliloamriwa. Tunapendekeza "kizuizi", pamoja na "funga kizuizi" na "fungua kizuizi". Tunakiri kwamba "kizuizi" hutumika pia barabarani, na kwamba kufunga na kufungua ni vitenzi vilivyokwisha kulemewa na kazi nyingi. Wasomaji wenye neno bora, hasa wale waliotumikia jeshini au katika idara za wanyama pori, waliandikie Baraza kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati ya istilahi. Na kila anayeandika ataje pia mahali alipolisikia neno lake na kama watumiaji hulitamka hivyo wenyewe bila kufundishwa.